Mgeni Mwenye Lugha

Tulishuka Goma watatu na masanduku saba:
Ngwa wa Bamenda, fundi wa mabomba;
Soledad, aliyeapa hatakula chochote chenye macho;
na mimi, Mwantumu binti Shekue, mkunga wa Pangani,
niliyewaambia njia nzima, kifua mbele:
Msihofu. Lugha niachieni mimi.

Maman Masika alitupokea na ufunguo mmoja,
umefungwa kwa uzi wa kofia ya mtoto.
"Karibuni. Bintu yenu iko wapi?"
Nikamtazama midomo kama asomaye bila miwani.
Kisha nikajibu kwa ufasaha wote wa kwetu,
ngeli zimepanga foleni kama wanafunzi asubuhi,
na mama akamgeukia jirani:
"Huyu anasemaka kama kitabu ya Mungu."
Jirani alicheka hadi beseni la sambaza likayumba kichwani.

Usiku huo niliona wekundu angani,
kaskazini, juu ya mabati.
Nikatoka na kanga moja, nikagonga milango mitatu.
Moto! Jamani, moto!
Katembo, msukuma chukudu, akafungua jicho moja.
"Njo mulima, dada. Inapika.
Siku itazima, pale utaogopa."

Nikarudi kulala.
Chini ya godoro saruji, chini ya saruji jiwe jeusi
lililopita Majengo likiwa uji,
likaimeza nyumba ya kwanza ya Maman Masika
kimyakimya, anasema, kama mtu anayekunja nguo.
Juu yake akajenga hii.
Kizingiti chetu kipo pale lilipokuwa dirisha.

Wiki ya pili ndala zangu zilikatika, zote mbili, siku moja.
Ngwa alifundishwa kubeba bidoni la lita ishirini
na mtoto wa miaka tisa aliyemhurumia waziwazi:
fundi wa mabomba, na maji yanamwagika mgongoni.
Soledad alihesabu macho arobaini sahanini,
akaacha kuhesabu, akaomba ugali zaidi.

Nami nilikuwa na daftari. Kurasa za kufundisha,
kila somo na kichwa chake kwa wino mwekundu.
Kwenye chumba cha uzazi nilimshika mkono Nzigire,
nikamwambia, Jitahidi.
Akamtazama nesi: "Anasema nini?"
"Anasema tia nguvu, mama."
Mtoto akazaliwa katikati ya maneno hayo mawili
wala hakuuliza lipi ni sanifu.
Daftari sikulifungua tena ila kuandika bei za makaa.

Jioni moja, tukichambua sombe, nilimuuliza Maman Masika
kwa nini hakuhama. Nchi ni kubwa, mama.
Akagonga sakafu kwa kisigino.
"Sahani zangu iko huku chini."
Nikangoja aendelee. Hakuendelea.
Alikuwa ameona kiwavi kwenye jani.

Tangu hapo natembea polepole ndani ya nyumba.
Usiku, kikombe kikianguka jikoni,
nasikiliza kama kuna kingine kinaitika.

Jana mama alipiga simu kutoka Pangani.
Amesikia nini redioni, hakutaka kusema.
Umepata nyumba ya maana?
Niko nayo, mama. Iko juu ya ingine.
Kimya. Kisha: Mwantumu, mbona unazungumza hivyo?
Nilitaka kujisahihisha. Ulimi uliteleza mahali pengine.
Nje Katembo alikuwa anapiga mluzi, chukudu imelemewa makaa,
na Maman Masika yuko mlangoni, mikono imejaa,
anaita ufunguo, ule mmoja, ambao ninao mimi.

"Nakuya, Maman!" nikapaza sauti.

Na mama yangu, upande wa pili wa simu,
akashusha pumzi, akauliza: Lini?